Jinsi ya kukunja bomba la stenlesi kwa reli za boti: mwongozo kamili kwa mafundi wa Dodoma na jirani

Wadau salaam. Nimeona niandike hii kitu kwa urefu maana mafundi wenzangu wa hapa Dodoma wananiuliza sana. Ukiangalia, wengi wako vizuri kabisa kwenye stenlesi ya ngazi na balkoni, tangu serikali ihamie huku nyumba zinajengwa kila upande na kila mwenye nyumba anataka reli inayong'aa, ila siku akija mteja wa bwawa la Mtera anataka reli ya boti ndo mtu anaanza kukuna kichwa. Kwenye ngazi ukifika kona unanunua elbo ya dukani, unachomelea pande mbili, unapiga polishi, kazi imeisha. Kwenye boti usifanye hivyo. Kila mchomeleo ni sehemu ambayo kutu inaweza kuanzia, ni sehemu ya kunasa nyavu, na mtikisiko wa injini kila siku unautafuta huohuo mchomeleo mpaka siku unaachia, na siku yenyewe inakuwa ile ambayo kuna mtu kaegemea. Reli ya boti iwe bomba moja linaloenda mpaka mwisho, kona zimekunjwa, hazijaungwa.

Halafu tuelewane mapema kabla hujashika mashine: stenlesi haikupi nafasi ya pili. Chuma cha kawaida ukikikunja vibaya unakinyoosha unakikunja tena kinakubali, lakini stenlesi ile sehemu uliyokunja inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa, ukiinyoosha ukairudia palepale inabonyea au inapasuka kabisa. Kwa hiyo kazi karibu yote iko kwenye kuchagua bomba, kupima, kuhesabu na kujaribu kwenye kipande. Kukunja kwenyewe ni dakika chache tu.

KUCHAGUA BOMBA

Madukani kuna stenlesi za aina tatu utakazokutana nazo sana. Kuna 201, hii ndo ya bei rahisi, nikeli yake ni kidogo na wameweka manganizi nyingi kufidia, imejaa kwenye mapambo ya ndani, vitanda, meza na reli za balkoni za bei poa. Kuna 304, yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Na kuna 316, ambayo imeongezewa molibdenamu asilimia 2 mpaka 3 ili ihimili chumvi. Kwa boti ya Mtera au bwawa lolote la maji baridi 304 inatosha kabisa, usimtoze mteja hela ya 316 bila sababu. Ila kama boti inaenda Dar, Kilwa au Unguja kwenye maji ya bahari basi ni 316 na hapo usikubali mjadala, chumvi ya bahari inaitoboa 304 vitundu vidogovidogo na juu inatoka madoa ya rangi ya chai. Hiyo 201 kwenye boti usiipeleke popote.

Watu wengi wanapima kwa sumaku, ikishika wanasema feki isiposhika wanasema orijino. Hapana jamani. 201 nayo sumaku haishiki vizuri, kwa hiyo sumaku haitakuambia kama ni 201 au 304, na 304 nzuri kabisa ikishakunjwa ile kona inaanza kushika sumaku kidogo. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba, omba cheti cha mzigo kama dukani kipo, na kuna dawa ya matone inayotumia betri ndogo ya kutambua manganizi, mafundi wanaofanya stenlesi kila siku wawe nayo.

Saizi. Reli ya boti ndogo na ya kati tunatumia bomba la inchi moja, yaani kipenyo cha nje milimita 25.4, unene wa ukuta milimita 1.5. Hapa pana mtego. Mabomba ya mapambo yanauzwa kwa kipenyo cha nje, mabomba ya maji yanaitwa kwa jina tu, ile robo tatu ya maji ukiipima nje ni milimita 26.7 na inchi moja ya maji ni 33.4. Usiagize kwa simu kwa kusema "inchi moja" ukaishia hapo, taja milimita za nje na unene wa ukuta. Na unene wenyewe usiamini mdomo, balkoni nyingi zimepigwa bomba la milimita 1 au pungufu na kwa macho ukiwa umesimama dukani huwezi kuona tofauti. Pima mdomo wa bomba kwa venia, kile kipimo cha taya mbili. Kama huna venia tumia mizani: bomba la 25.4 lenye ukuta wa 1.5, urefu wa mita 6, lina uzito wa kilo 5.3 hivi, la ukuta wa 1.2 linakuja kama kilo 4.3, na la ukuta wa 1 linakuja kilo 3.6 na kidogo. Mizani haimwonei mtu aibu, weka bomba juu muone wote wawili na muuzaji.

Kwa nini nang'ang'ania ukuta? Chukua kipenyo gawanya kwa unene. 25.4 kwa 1.5 unapata 17, hiyo inakunjika vizuri. Kwa 1.2 unapata 21, inakunjika ila uwe makini. Kwa 1 unapata 25 na zaidi, hapo ndani ya kona makunyanzi yanaanza kuchungulia na bila mandreli, yaani kile chuma kinachokaa ndani ya bomba likikunjwa ili lisibonyee, hutafanikiwa kwenye kona kali. Na hata ukifanikiwa, reli ya ukuta wa milimita 1 mtu mzima akiangukia inabonyea.

MASHINE

Ile jeki ya haidroliki ya kukunjia mabomba ya maji, ambayo karakana nyingi wanayo, inasukuma bomba katikati huku pembeni limezuiliwa na viegemeo viwili. Kwa bomba nene la maji iko sawa, kwa stenlesi nyembamba hapana. Kwanza viatu vyake, vile vipande vyenye mfereji vinavyokumbatia bomba, vimechongwa kwa saizi za mabomba ya maji, ukiweka 25.4 kwenye kiatu cha 26.7 linacheza, na bomba likipata nafasi ya kutanuka pembeni linatanuka, matokeo yake kona inakuwa bapa. Pili nguvu yote inaenda sehemu moja, linavunjika kama mrija wa soda.

Unayotaka ni mashine ya kuvuta kwa kuzunguka. Ina dai, yaani kalibu ya duara yenye mfereji unaolingana sawasawa na bomba, kuna kibano kinachoshika bomba kwenye dai, na kuna kiatu kirefu upande wa nje kinachofuata bomba likiwa linavutwa. Dai inazunguka na bomba linazunguka nalo. Za mkono zipo na zinatosha kwa 25.4 x 1.5, ilimradi umeifunga kwenye sakafu ya zege kwa bolti za kutanuka na una mkono wa kuvutia mrefu, hata mita moja na nusu. Dai ya saizi yako ukiikosa unaweza kukerezewa na fundi wa kukereza vyuma, mpe kipande cha bomba lenyewe akilinganishe na mfereji, usimpe namba peke yake. Kama bado hujajipanga kununua, ulizia kwanza karakana za SIDO, VETA na za kule Kizota kama wanaweza kukukunjia kwa malipo, kwa boti moja tu haina haja ya kununua mashine.

Kitu kinaitwa rediasi ya mkunjo, yaani nusu kipenyo ya ile kona ukipimia katikati ya bomba. Bila mandreli usishuke chini ya mara tatu ya kipenyo cha bomba, kwa 25.4 ni kama milimita 76. Wengine wanapenda kona kali kwa sababu inapendeza, mimi nasema kwenye boti kona ya mviringo ndo nzuri zaidi, mtu akigonga mbavu haumii sana na kamba inateleza juu yake.

Kwa reli ya mbele, kule omo ambako inafuata umbo la boti kwa mduara mkubwa, unahitaji mashine ya rola tatu. Nitaieleza mbele.

KUPIMA BOTI

Nenda mwenyewe kwenye boti. Usikubali vipimo vya kutumiwa kwa simu. Boti nyingi za kwetu zimejengwa kwa mkono, ubavu wa kulia na wa kushoto haulingani, kwa hiyo pima kila upande peke yake na uandike. Boti iwe nchi kavu imekaa kwenye magogo imetulia, ukiwa unapima ikiwa majini pima maji haitakusaidia chochote.

Chukua nondo ya milimita 6, ikunje kwa mkono ifuate njia ambayo reli itapita, kipande kwa kipande, ufunge na waya wa binding. Hiyo ndo ramani yako. Weka alama kwa maka peni pale kila nguzo itakaposimama na kila kona inapoanza, andika namba, andika na "juu" na "mbele" maana mkifika karakana Dodoma mmechoka hakuna atakayekumbuka nondo ipi ni ya upande gani.

Urefu wa reli kwenda juu unategemea boti ya nani. Boti binafsi ndogo na ya uvuvi huwa inaenda milimita 450 mpaka 600, mimi nashauri 600 kwa sababu reli ya 450 inamgonga mtu mzima chini ya goti kidogo na badala ya kumzuia inampindua. Meli zinazofuata mkataba wa kimataifa wa mistari ya upakiaji zinatakiwa reli ya mita 1, nafasi ya chini kabisa isizidi milimita 230 na nafasi za juu zisizidi 380. Kama boti itabeba abiria, mwenye boti aende TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, aulize masharti yake kabla hujakata bomba hata moja. Nguzo zisiachane zaidi ya milimita 900 hivi.

Na uliza watu wanavyofanya kazi humo ndani. Mtera niliuliza, "Mzee, nyavu mnavutia upande gani?" Akanijibu, "Kulia, lakini jioni upepo ukigeuka tunahamia kushoto." Hapo hapo mchoro wote unabadilika, kila ubavu inabidi uwe na kipande kinachochomoka. Kizuri ni kwamba bomba la 25.4 lenye ukuta wa 1.5 ndani yake kuna milimita 22.4, kwa hiyo kipande kifupi cha bomba la milimita 22 kinaingia ndani kwa kuteleza na unaweka pini, unapata reli ya kuchomoa bila kutengeneza kitu kigumu. Mshono wa ndani ukiwa umevimba usugue kwa tupa ya mviringo kwanza.

HESABU

Hii sehemu ndo watu wanaikimbia na ndo inayookoa bomba. Bomba likikunjwa kona haliendi mpaka kwenye ncha halafu ligeuke, linakata njia. Kwa hiyo ukijumlisha vipimo vya pande zote utapata urefu mkubwa kuliko unaohitajika.

Urefu wa kona: rediasi x nyuzi x 0.01745. Kwa rediasi ya 76 na kona ya nyuzi 90 ni 76 x 90 x 0.01745, unapata 119.4. Umbali kutoka pale kona inapoanza mpaka kwenye ncha ya kufikirika, kwa nyuzi 90, ni sawa na rediasi yenyewe, yaani 76, na upande wa pili 76, jumla 152. Tofauti, 152 toa 119.4, ni 32.6. Hiyo ndo unayoitoa kwa kila kona ya nyuzi 90. Kwa nyuzi nyingine umbali wa kufika kwenye ncha ni rediasi x tan ya nusu ya nyuzi, simu yako ina kikokotoo chenye hiyo tan.

Mfano. Reli ya umbo la U iliyopinduliwa, miguu 600 kila mmoja na upana wa juu 1200, vyote vimepimwa katikati ya bomba. Jumla ni 600 + 1200 + 600 = 2400. Kuna kona mbili, toa 65, inabaki 2335. Hilo ndo bomba lako. Kama umepimia nje kwa nje, kwanza toa 25.4 kwenye upana na toa 12.7 kwenye kila mguu, ndo uanze hesabu.

Kona ya kwanza inaanzia wapi? Mguu 600 toa 76, unapata 524 kutoka mwisho wa bomba. Hapo ndo bomba linaanza kupinda. Kona ya kwanza inaishia 524 + 119.4 = 643.4. Sehemu iliyonyooka juu ni 1200 toa 152 = 1048, kwa hiyo kona ya pili inaanza 1691.4. Weka alama zote bomba likiwa limenyooka bado, kwa maka peni nyembamba, mstari uzunguke bomba zima. Ukitaka kuhakikisha, kona ya pili ikiisha inabaki 524 mpaka mwisho. Isipobaki hiyo, kuna kosa kwenye hesabu, rudia.

Baadaye ongeza milimita 50 kila mwisho za kukata. Bomba refu linakatwa, fupi haliongezeki. Ila ukiongeza, kumbuka na alama zako zote zinasogea 50.

KIPANDE CHA MAJARIBIO

Usiruke hii. Hesabu hapo juu ni ya karatasi, mashine yako na bomba lako vina tabia yake. Stenlesi ikiachiwa inarudi, na inarudi zaidi kuliko chuma cha kawaida.

Kata kipande cha milimita 500 kutoka kwenye bomba lilelile la kazi, sio la mzigo mwingine. Chora mstari kuzunguka bomba kwenye 200. Weka mstari huo pale dai inapoanzia, funga kibano, vuta mpaka kipimo cha mashine kisome 90. Sasa usiachie haraka. Legeza mkono taratibu na uangalie bomba, utaliona linajirudisha lenyewe. Toa, weka kwenye skwea au kipimo cha nyuzi. Tuseme imesoma 87. Imerudi 3, kwa hiyo ukitaka 90 halisi utavuta mpaka 93 kwenye kipande cha pili uone. Fanya hivyohivyo kwa 45, maana kurudi kwa 45 sio lazima iwe nusu kamili ya kurudi kwa 90.

Halafu kile kipande cha pili kilichotoka 90 kamili, pima mguu mmoja kutoka mwisho mpaka mgongo wa nje wa mguu wa pili, toa 12.7. Fanya hivyo kwa mguu mwingine. Jumlisha, toa 500. Namba utakayopata ndo tofauti halisi ya mashine yako, inaweza kuwa 32, inaweza kuwa 30 au 34. Hiyo ndo utatumia, achana na ya karatasi. Na angalia kona imeanza kweli pale kwenye 200 au imesogea kidogo, kama imesogea milimita 4 basi alama zako zote utazirudisha milimita 4. Andika hizi namba kwa rangi juu ya dai yenyewe pamoja na unene wa bomba, siku ukinunua bomba la mzigo mwingine unazihakiki upya.

KUKUNJA SASA

Kata kwa diski nyembamba ya milimita 1 ya stenlesi. Diski ambayo imeshakata nondo usiiguse, inapaka chembe za chuma na hizo ndo zinatoa kutu baada ya wiki mbili mteja anakupigia simu anasema umemuuzia feki. Hivyohivyo brashi ya waya iwe ya stenlesi. Safisha mdomo wa bomba ndani na nje.

Tafuta mshono wa bomba, ukipitisha kucha utausikia au ukiangalia ndani kwa tochi. Mshono ukae pembeni, yaani usiwe mgongoni mwa kona ambako bomba linavutwa wala tumboni ambako linabanwa. Ukiwa pembeni hauvutwi sana wala haubanwi sana. Piga mstari mrefu wa maka peni kufuata bomba lote upande wa juu, huo ndo utakuonyesha kama bomba limezunguka ukihamia kona ya pili, bila huo mstari kona mbili zinatoka zimepishana na reli ikilala sakafuni inanyanyua mguu mmoja.

Safisha mfereji wa dai kwa kitambaa, paka grisi kidogo au mafuta ya kukunjia upande wa kiatu kinachoteleza. Kwenye kibano usipake kitu, kule unataka kushika. Kibano kikilegea bomba linateleza linachubuka na kona inatoka na makunyanzi. Kama dai ni ya chuma cha kawaida, zungushia bomba tepu ya nailoni ile sehemu ya kibano.

Vuta kwa mwendo mmoja, taratibu, bila kusimama katikati. Wakiwa wawili wanaovuta mmoja aangalie mkono na mwingine aangalie tumbo la kona. Likianza kunyanzi utaona kwanza mng'ao wa bomba unakatika, mstari wa mwanga uliokuwa umenyooka unapinda kidogo kama kivuli, hiyo inakuja kabla ya kunyanzi lenyewe halijasimama. Ukiona hivyo simama, kaza kiatu, ndo uendelee. Ukisubiri mpaka uguse kwa kidole umechelewa.

Kati ya kona na kona acha sehemu iliyonyooka ya kutosha kibano kushika, si chini ya milimita 60 hivi. Na kabla hujakunja kona ya kwanza zungusha bomba hewani kichwani mwako mpaka kona ya mwisho, ujue kama litagonga meza, ukuta au mashine yenyewe.

Ikitoka 88 unaweza kuirudisha kwenye mashine ukaongeza hizo mbili, hakuna shida. Ikitoka 92 unaweza kuifungua kidogo kwa mkono mrefu. Zaidi ya hapo iache, ikate ukatumie kwenye nguzo fupi.

Kuhusu kujaza bomba mchanga ili lisibonyee. Kwa mashine nzuri na ukuta wa 1.5 huhitaji. Ukiwa na ukuta mwembamba au unakunja kwenye rola basi jaza. Mchanga wa kwenye makorongo yetu haya ni mzuri, chekecha upate ule mdogo unaolingana, ukaange kwenye karai mpaka ukauke kabisa. Ziba mwisho mmoja kwa kipande cha mti kilichochongwa, simamisha bomba, mimina kidogokidogo huku mwenzako anagonga kwa nyundo ya mti kuanzia chini kwenda juu. Sauti ndo kipimo: mwanzo bomba linalia, likishajaa linakuwa bubu, ukiligonga ni kama umegonga gogo. Likiwa linalia sehemu yoyote bado kuna nafasi, na hapo ndo litabonyea. Ziba juu, kaza.

Na usichome moto. Najua wengine wanaweka mkaa au gesi ili bomba lilainike. Stenlesi ikikaa kati ya nyuzi kama 450 na 850 za Selsiasi ile kaboni ndani yake inaungana na kromiamu, na kromiamu ndo inayoizuia isipate kutu, kwa hiyo ukimaliza una kona nzuri inayooza kutoka ndani. Halafu bomba lililojaa mchanga wenye unyevu limezibwa pande mbili ukaliweka kwenye moto, mvuke ukikosa pa kutokea ile kizibo inatoka kama risasi. Watu wameumia kwa hili. Kunja baridi.

RELI YA MBELE

Weka ubao mnyoofu kati ya ncha mbili za mduara wa omo, pima urefu wa ubao, halafu pima kina kutoka katikati ya ubao mpaka kwenye mduara. Rediasi ni urefu x urefu gawanya kwa (8 x kina), jumlisha nusu ya kina. Ubao 1600 na kina 200: 1600 x 1600 gawanya 1600 ni 1600, jumlisha 100, rediasi ni 1700. Chora mduara huo kwenye sakafu ya karakana kwa chaki na kamba, ndo utakuwa unalaza bomba hapo kila baada ya kupitisha.

Rola inakunja kidogokidogo. Pitisha kwenda na kurudi, kaza robo ya mzunguko, pitisha tena. Ukikaza sana mara moja inatoka kona badala ya mduara. Ncha mbili za bomba zinabaki zimenyooka kwa sababu rola hazifiki, kwa hiyo anza na bomba lenye ziada ya kama milimita 200 kila upande ukate baadaye. Mduara umalize kwanza, kona za nyuzi kubwa za nguzo zije mwishoni.

UKAGUZI NA KUCHOMELEA

Laza bomba juu ya nondo ya ramani. Pima kona kwa venia pande zote, lile bapa likishuka chini ya milimita 23 mimi nalikataa, na lenye kunyanzi nalikataa hata kama ni dogo maana uchafu na maji yatakaa humo.

Nguzo zichongwe mdomo wa samaki zikumbatie bomba la juu, tumia msumeno wa kutobolea matundu wa milimita 25 kwenye drili. Chomelea kwa TIG, ule mchomeleo wa sindano ya tangsteni unaokingwa na gesi ya argoni, waya ER308L kwa 304 au ER316L kwa 316, tangsteni ya 1.6, ampea 40 mpaka 50, gesi lita 8 kwa dakika. Shikiza sehemu nne kwanza, kisha ruka upande huu na ule ili reli isijipinde. Dodoma upepo wetu mnaujua, unapeperusha argoni na mchomeleo unatoka mweusi wenye vitundu, kwa hiyo zungusha turubai hata kama uko ndani ya kibanda. Na jirani anayesaga mageti ya chuma asielekeze cheche zake kwenye stenlesi yako.

Ile rangi ya njano na bluu pembeni ya mchomeleo lazima itoke. Mafuta ya kusafishia mchomeleo yana asidi mbaya sana, vaa glavu za mpira, miwani na koti la plastiki, fanya nje penye hewa, weka mbali na watoto, na uwe na jeli ya kalsiamu glukoneti, ya kupaka asidi hiyo ikikugusa ngozi, karibu kabla hujafungua kopo. Suuza kwa maji mengi. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvichumvi, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya kunywa halafu kausha kwa kitambaa. Kisha msasa 120, 240, 400, na polishi.

KUFUNGA

Mtera ni zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, ukisahau kitu umesahau. Beba jenereta, drili, biti za kobalti, bolti za ziada na tepu. Usichomelee miguu kwenye flanji zake, yaani vile vitako vyenye matundu ya bolti, ukiwa karakana, ishikize tu, ukimaliza kuisimamisha kwenye boti ndo unamalizia, maana sitaha haiko sawa popote.

Chini ya mbao za sitaha kila flanji iwe na sahani ya chuma au ya ubao mgumu, bolti za milimita 8 za stenlesi zipite mpaka chini na nati za kujikaza, skrubu za mbao hazitoshi hata ziwe ndefu vipi. Paka sili ya poliyurethani ndani ya tundu na chini ya flanji, kaza nusu, subiri ishike, ndo ukaze mwisho, ukikaza yote mara moja sili yote inatoka pembeni. Boti ikiwa ya aluminiamu weka karatasi ya nailoni chini ya flanji na bushi za plastiki kwenye bolti, stenlesi na aluminiamu zikigusana kwenye maji aluminiamu ndo inayoliwa.

Simama, shika reli ya juu katikati ya nguzo mbili, tupia uzito wako wote kwenda nje. Mwite na mwenye boti afanye hivyohivyo, kila nafasi, pande zote mbili. Flanji ikicheza, fungua uangalie sahani ya chini. Mwachie spana ya 13 na umwambie baada ya wiki chache za kutembea na injini azipitie bolti zote tena, mbao zinakuwa zimeshatulia na kuna zitakazochukua robo ya mzunguko.